Mwongozo kamili: kuchonga uso wa alumini usioshika maji na usiochakaa upesi

Malalamiko ninayopokea ni yaleyale. Kipande kinang'aa, maji yanateleza vizuri siku ya kwanza, kisha kinafutwa kwa kitambaa mara chache na matone yanaanza kung'ang'ania. Karibu kila anayelalamika amefanya jambo moja: amepaka dawa ya kufukuza maji juu ya alumini yenye uso laini, isiyochongwa.

Dawa ile, iwe ya bei gani, ni tabaka la unene mdogo mno, na linakaa juu kabisa, mahali ambapo kila kitambaa, kila punje ya mchanga na kila kidole hupita. Halina pa kujificha.

Tatizo la pili ni la kimaumbile. Ukitazama tone kwa ubavuni, utaona pembe kati ya chuma na ubavu wa tone, ikipimwa kwa ndani ya maji. Juu ya uso laini pembe hiyo haivuki digrii 120 hivi, hata upake kitu gani. Ili tone lijikusanye liwe kama gololi na kubingirika, kama linavyofanya juu ya jani la gimbi, pembe inatakiwa ipite digrii 150. Hapo ni lazima uso uwe na vilima na mabonde yanayonasa hewa chini ya tone.

Kwa hiyo tunaanza na mashine, kemia inafuata. Tunachonga matuta na mifereji midogo, halafu tunajenga ukwaru mwembamba zaidi ndani ya mifereji. Matuta yanabeba msuguano. Dawa iliyo bondeni inabaki salama.

Mwongozo huu ni wa alumini tu. Hatua ya kuchemsha haifanyi kazi kwa chuma cha kawaida, shaba wala mabati ya kuezekea. Kama sumaku inanata kwenye kipande chako, kirudishe ulikokitoa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Chuma chenyewe. Alumini ya unene wa milimita 5 au zaidi. Aina ya 6061, 6082 au 6063 inachongeka vizuri. Fremu za madirisha kwa kawaida ni 6063, kwa hiyo hata kwa wauza chuma chakavu utapata. Alumini laini kabisa, kama ya 1050, inanata kwenye kisu na kuraruka. Iepuke mpaka mkono wako uzoee.

Mashine. Lethi (mashine ya kukereza), au mashine ya CNC (inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta) kama zile za wachonga milango na mabango. Huna haja ya kumiliki yoyote. Karakana nyingi zitakufanyia hatua ya kuchonga kwa malipo, mradi uende na vipimo vilivyoandikwa.

Kisu. Cha umbo la V, digrii 60. Kwa lethi, kisu cha kukatia hesi (nyuzi za skrubu) za milimita kina pembe hiyohiyo. Kwa CNC, tumia kisu cha kuchongea maandishi cha kabaidi, digrii 60, chenye ncha ya milimita 0.1.

Vya kupimia. Vernia, lenzi ya sonara, kipimajoto kinachofika nyuzi 100, mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya gramu, na sirinji ya insulini ya mililita 1.

Vya kusafishia na kemikali. Mafuta ya taa kidogo, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mswaki mpya wa nailoni, kostiki soda, maji yaliyokenekwa lita mbili hadi tatu, asidi steariki (ndiyo dawa yetu ya kufukuza maji; wanaotengeneza mishumaa na sabuni wanayo, huuzwa kama vipande vyeupe vya nta), na ethanoli ya asilimia 95 au zaidi.

Vyombo. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, bakuli la plastiki, na mshipi wa nailoni wa kuvulia.

Kinga. Miwani ya usalama, glavu za mpira, eproni, na chumba chenye hewa inayopita.

Mambo matatu ya kuangalia dukani, kwa sababu ndiyo yanayowaangusha wengi kabla hata hawajawasha mashine.

Spiriti ya kusafishia vidonda siyo mbadala wa ethanoli. Mara nyingi imechanganywa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yanabaki juu ya chuma chako. Kitakasa mikono nacho kina gliserini. Na spiriti yoyote ya asilimia 70 ina maji mengi mno. Asidi steariki haitayeyuka humo sawasawa.

Pili, ukienda kituo cha mafuta kuulizia maji ya betri (ndiyo maji yaliyokenekwa), hakikisha umepewa maji ya kuongezea na si asidi. Chupa zake hufanana. Soma lebo.

Tatu, sufuria zetu nyingi za jikoni ni za alumini. Usizitumie hapa. Kostiki soda itaila sufuria yenyewe, tena kwa kasi, ikitoa joto na gesi ya haidrojeni inayowaka.

## Hatua ya 1: Sawazisha uso

Mifereji yetu itakuwa na kina cha milimita 0.15. Kama uso umepinda kwa milimita 0.05 tu, theluthi ya kina hicho imepotea upande mmoja, na upande wa pili matuta yatakatwa mpaka yaishe. Ndiyo maana kipande kilichosawazishwa kwa msasa wa mkono hakifai, hata kiwe kinang'aa namna gani.

Kwa lethi: funga kipande cha duara, toboa tundu la milimita 8 katikati, kisha kereza sura yake (uso wa mbele) mpaka iwe safi. Tundu lina sababu. Kadiri kisu kinavyokaribia kitovu, mwendo wa chuma chini yake unapungua hadi sifuri, na pale alumini haikatiki bali inararuka. Bora pasiwe na kitu.

Kwa CNC: funga bamba kwa vibanio au kwa gundi imara, kisha pitisha kisu bapa juu ya eneo lote unalotaka kuchonga.

Onyo: ukishasawazisha, usikifungue kipande. Ukikitoa na kukirudisha, hakitakaa vilevile tena.

Umefaulu ukiona: uso wenye mng'ao wa aina moja toka ukingo hadi ukingo, bila doa lolote ambalo kisu hakikugusa.

## Hatua ya 2: Andaa kisu

Alumini ina tabia ya kujibandika kwenye ncha ya kisu. Ikishajibandika, kinachokata si kisu tena bali bonge la alumini, na mfereji unatoka wenye kuta zilizochanika.

Noa kisu cha HSS (chuma kigumu cha visu vya mashine) kwa jiwe laini la mafuta mpaka ubavu wake ung'ae. Kama unatumia vipande vya kabaidi vya kubadilisha, chukua vile vya hesi ndogo kabisa, kwa sababu vya hesi kubwa vina ncha butu. Vilivyopakwa rangi nyeusi au zambarau mara nyingi vina titani na alumini ndani ya pako lake, na hilo linazidisha kunata. Visivyopakwa kitu ni bora zaidi kwa kazi hii.

Paka mafuta ya taa kwa brashi wakati wa kukata. Usitumie dawa yoyote ya kupuliza yenye silikoni. Silikoni haitoki kwa sabuni, na itaharibu hatua ya 6 bila wewe kuiona.

Umefaulu ukiona: chini ya lenzi ya sonara, ncha haionyeshi mstari mweupe wa ubutu, na ukijaribu kwenye kipande cha takataka vinyoleo vinatoka kama uzi, si kama unga.

## Hatua ya 3: Chonga mifereji

Hapa ndipo uimara unapopatikana au kupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Sehemu bapa iliyobaki juu ya kila tuta naiita kichwa cha tuta. Kichwa ndicho kitakachosuguliwa, na dawa ya juu yake itaondoka mapema. Hilo hatuwezi kulizuia. Tunachoweza ni kuhakikisha vichwa ni sehemu ndogo ya uso wote, ili tone liendelee kukalia hewa zaidi kuliko chuma kitupu. Vichwa vikiwa vipana, maji yanashika. Vikiwa vyembamba mno, vinavunjika kwa msuguano wa kwanza. Mimi hulenga milimita 0.08, na sipendi kushuka chini ya 0.05.

Umbo la V nalo si pambo. Linaacha tuta lenye kitako kipana na kichwa chembamba, na tuta la namna hiyo halikatiki kirahisi kama lile lenye kuta wima.

Hesabu ni fupi. Kisu kikali cha digrii 60 kinafungua mfereji wenye upana wa kina mara 1.15. Kina cha 0.15 kinatoa upana wa 0.17. Ongeza kichwa cha 0.08, unapata umbali wa 0.25 kutoka mfereji hadi mfereji. Kama kisu kina ncha bapa ya 0.1, upana unakuwa 0.27, na umbali 0.35.

### Njia ya lethi

Inatoa mfereji mmoja mrefu wa mzunguko, kama konokono. Ni ya haraka, na kwa kuanzia ndiyo ninayopendekeza.

1. Elekeza kisu kwenye sura ya kipande, si ubavuni. Ncha iwe sawa kabisa na kitovu cha mashine.
2. Paka uso kwa kalamu ya marka ya bluu. Zungusha mashine na usogeze kisu polepole mpaka kikwangue wino tu. Hapo ndipo sifuri yako.
3. Weka mizunguko 600 kwa dakika kwa kipande cha kipenyo cha milimita 50. Ukingoni mwendo utakuwa kama mita 94 kwa dakika, ambao kisu cha HSS kinaumudu kwa alumini.
4. Chagua mwendo wa kujiendesha wa kuvuka wa milimita 0.25 kwa kila mzunguko. Soma jedwali la mashine kwa makini: kwenye lethi nyingi mwendo wa kuvuka si sawa na ule wa urefu, hata mkono wa gia ukiwa mahali palepale.
5. Ingiza kisu 0.15, washa mwendo wa kujiendesha, paka mafuta ya taa, na uache kisu kivuke mara moja bila kusimama.

Onyo kubwa: usirudie. Wengi wanapitisha kisu mara ya pili "ili kisafishe". Mwendo wa kuvuka ukizimwa na kuwashwa, kisu hakirudi kwenye mfereji uleule. Kinapita juu ya matuta na kuyafyeka. Kama kina hakikutosha, sawazisha uso upya na uanze tena.

### Njia ya CNC

Inatoa mifereji inayokatishana, kwa hiyo badala ya matuta marefu unabaki na vilima vidogo vya mraba. Tofauti yake ni kubwa. Kwenye matuta ya lethi vichwa ni karibu theluthi ya uso wote. Kwenye vilima vya mraba, kwa vipimo vya juu, ni kama asilimia 5 tu. Uso wa namna hii unastahimili kusuguliwa kwa muda mrefu zaidi kabla matone hayajaanza kunata.

Zungusha kisu kwa kasi ya juu kabisa ya mashine. Sababu ni kwamba kwa kina cha 0.15 kisu kinagusa chuma kwa kipenyo cha chini ya milimita 0.3, na hata mizunguko 18,000 kwa dakika inatoa mwendo wa mita 15 hivi tu. Sogeza meza milimita 400 kwa dakika. Eneo la milimita 40 kwa 40 litachukua karibu dakika 23 za kukata kwa pande zote mbili, na kama 35 pamoja na marudio yanayoelezwa hapa chini.

Kata mistari yote ya upande mmoja kwanza, kisha ya upande wa pili. Kisu kikikatisha mara ya pili kinasukuma ncha za chuma ndani ya mifereji ya kwanza, kwa hiyo rudia programu ya upande wa kwanza bila kubadili kina. Kinyume na lethi, hapa kurudia ni salama, kwa sababu mashine inajua ilipopita. Ila hakikisha kila mstari unafikiwa kutoka upande uleule. Mashine zenye parafujo iliyolegea hukosea sehemu ya milimita kila zinapogeuka, na kwa kazi hii sehemu hiyo inatosha kufuta kilima kizima.

Umefaulu ukiona: chini ya lenzi, mistari au nukta nyembamba zinazong'aa (vichwa) zimetenganishwa na mabonde meusi, na mabonde ni mapana kuliko vichwa. Ikiwa mng'ao umepotea kabisa sehemu fulani, kisu kiliingia sana. Ikiwa vichwa ni vipana kuliko mabonde, kisu hakikufika.

## Hatua ya 4: Safisha

Sugua kwa mswaki na mafuta ya taa kufuata mifereji, kisha kwa sabuni na maji ya moto. Suuza mpaka povu liishe.

Yeyusha gramu 40 za kostiki soda katika lita moja ya maji ya baridi, ndani ya bakuli la plastiki. Mimina kostiki kwenye maji, usimwage maji juu ya kostiki, maana yatachemka na kukurukia usoni. Vaa miwani. Chovya kipande sekunde 20 hadi 30, hesabu kwa saa, toa, suuza kwa maji mengi.

Ukizidisha, kostiki inalainisha ncha za matuta uliyoyachonga kwa jasho. Weusi mwembamba ukibaki juu ya uso ni mabaki ya madini mengine yaliyomo ndani ya alumini. Sugua kwa mswaki chini ya maji mpaka utoke.

Kuanzia hapa, shika kipande kwa mshipi wa nailoni tu. Alama moja ya kidole itaonekana mwishoni kama doa lenye umbo la kidole.

Umefaulu ukiona: maji yanatandaa uso mzima bila kukatika. Mahali yanapojikunja bado pana mafuta. Rudi kwenye sabuni.

## Hatua ya 5: Chemsha

Alumini safi ndani ya maji ya moto hujiotesha vijani vidogo vya oksidi vyenye maji ndani yake, vidogo kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida ya shule haivioni. Vijani hivyo ndivyo ukwaru wa pili, ule unaokaa bondeni na kuishikilia dawa.

Pasha maji yaliyokenekwa mpaka nyuzi 90 au zaidi. Ning'iniza kipande kwa mshipi kisiguse sufuria. Kiache dakika 20.

Walio miinuko wasihofu. Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94, na zinatosha.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi hapa. Silika na fosfati, hata kidogo sana, huzuia vijani visiote. Viwanda vinavyopaka alumini rangi kwa umeme vinapambana na tatizo hilohilo kwenye matangi yao ya kufungia. Maji ya visima vya Arusha, Moshi au Nakuru, yenye floridi na madini mengi, usiyajaribu kabisa. Mabaki ya sabuni nayo yanatosha kuharibu, kwa hiyo suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa kabla ya kuzamisha.

Umefaulu ukiona: dakika za mwanzo viputo vidogo vinatoka kwenye uso, kisha vinapungua. Mng'ao unafifia kuwa wa maziwa kidogo au wa kijivu. Na tone la maji ukilidondosha linanyonywa na kutoweka papo hapo.

Hilo la mwisho linawatisha watu. Wanaona maji yanatandaa kuliko mwanzo, wanadhani wameharibu, wanatupa. Hapana: hivyo ndivyo inavyotakiwa. Uso wenye kiu ya maji namna hii ndio utakaoshika dawa.

Usiulaze mpaka kesho. Hewa ya karakana ina mvuke wa mafuta. Endelea hatua inayofuata ndani ya saa moja.

## Hatua ya 6: Chovya kwenye asidi steariki

Pima gramu 1 ya asidi steariki kwa kila mililita 100 za ethanoli, ndani ya chupa ya kioo. Pasha maji kwenye chombo kingine mpaka nyuzi 60, yatoe jikoni, zima moto wote, ndipo usimamishe chupa humo, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Mvuke wa ethanoli hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba. Hakuna jiko la mkaa, hakuna sigara, hakuna kuchomelea jirani.

Koroga mpaka mchanganyiko uwe angavu. Ukibaki na ukungu mweupe, ethanoli yako ina maji mengi.

Kausha kipande kabisa, kizamishe, kiache saa moja. Badilisha maji ya moto ya nje yakipoa. Kichwa cha molekuli ya asidi kinafunga kwenye oksidi, na mkia wake wa mafuta unatazama nje.

Wako wanaouliza kuhusu dawa zenye florini. Zinafukuza maji vizuri zaidi, ni kweli, lakini kemikali za jamii hiyo haziozi wala hazivunjiki zikishaingia kwenye maji na udongo, na kwa kazi hii hatuzihitaji.

## Hatua ya 7: Suuza na kausha

Toa kipande, kisuuze nusu dakika kwenye ethanoli safi yenye uvuguvugu. Lengo ni kuondoa asidi iliyorundikana bila kushika. Ikibaki inaonekana kama unga mweupe, inaziba mifereji, na inaondoka kwa kidole ikiacha mashimo.

Kiache nje mpaka harufu ya ethanoli iishe kabisa, ndipo ukiweke kwenye oveni ya umeme kwa nyuzi 80, nusu saa. Huna oveni? Kiache usiku mzima mahali pakavu pasipo vumbi.

## Hatua ya 8: Pima, usikisie

Kubingirika. Weka kipande juu ya rula, eneo lenye urefu wa milimita 100, na inua ncha moja milimita 17. Hiyo ni digrii 10. Uniti moja ya sirinji ya insulini ya U-100 (yenye uniti 100 kwa mililita) ni mikrolita 10. Dondosha tone la uniti moja. Linapaswa kuondoka lenyewe. Uso mzuri sana hata unakataa kulipokea: tone linabaki kwenye sindano.

Pembe. Dondosha nusu ya uniti, piga picha kwa simu ikiwa usawa wa tone. Pima kimo cha tone na upana wa kitako chake. Kimo kikiwa sawa na nusu ya kitako, pembe ni digrii 90. Kikiwa mara 0.87, ni 120. Kikifika mara 1.87, umefika 150. Tone kubwa linabonyezwa na uzito wake na litakudanganya, ndiyo maana tunatumia dogo.

Kioo cha chini ya maji. Zamisha kipande kwenye maji safi na ukitazame kwa kuinama. Kinang'aa fedha kama kioo, kwa sababu kimevaa hewa. Kitoe: kinatoka kikavu.

Msuguano. Hiki ndicho kipimo kilichotuleta hapa. Laza kipande kifudifudi juu ya msasa namba 1000, weka uzito wa gramu 100 mgongoni, kivute sentimita 10, mara 20. Suuza, kausha, rudia kipimo cha kubingirika. Fanya hivyohivyo kwa kipande laini kilichochovywa bila kuchongwa. Tofauti utaiona bila kuhitaji rula.

## Kikigoma, tafuta dalili hapa

Tone ni duara lakini halibingiriki, hata ukigeuza kipande chini juu. Maji yameingia mabondeni. Ama mifereji ni mifupi kwa kina, ama hatua ya kuchemsha haikukamilika. Angalia kwa lenzi kwanza. Kama matuta ni mazuri, rudi hatua ya 4 na ubadilishe maji.

Linabingirika upande mmoja, upande mwingine linakwama. Kwa matuta ya lethi hilo ni la kawaida: maji yanafuata mfereji kwa urahisi kuliko kuukatisha. Kama utaweka kipande mahali penye mteremko mmoja, panga mifereji ielekee maji yanakotakiwa kwenda. Ukitaka pande zote, hamia CNC.

Sehemu nzuri, sehemu mbaya. Mafuta ya vidole, silikoni, au kipande kiligusa sufuria kikichemka.

Kilifanya kazi, kikafa baada ya kuoshwa kwa sabuni. Sabuni imebaki mabondeni. Suuza kwa maji safi mengi, kisha ethanoli, kausha. Mara nyingi kinafufuka bila dawa mpya.

Kimekaa ndani ya maji muda mrefu na mng'ao wa fedha umekwisha. Hewa imeyeyukia majini. Kausha. Uso huu haukuundwa kuishi chini ya maji wala kupigwa na maji ya presha.

## Pa kutumia na namna ya kufufua

Unafaa kwa vifuniko vya vifaa vya nje, bamba za kuelekeza matone, sehemu za mashine za kukusanyia unyevu, na mafunzo ya darasani. Usiutumie kwenye vyombo vya chakula, wala sehemu inayopata moto, wala inayorushiwa mafuta. Mafuta ya kupikia yanaingia mabondeni moja kwa moja na hayatoki kirahisi.

Vumbi lisafishe kwa maji matupu. Jua kali litaidhoofisha dawa polepole, na kusugua kutamaliza ile ya vichwani. Matone yakianza kuchelewa, osha kwa sabuni, suuza kwa maji yaliyokenekwa, rudia hatua ya 6 na ya 7. Huchongi upya, na ikiwa uso haujakwanguliwa sana, huchemshi upya.

Kila baada ya kufufua, tazama vichwa kwa lenzi. Vinapanuka kidogo kidogo kadiri tuta linavyoliwa, kwa sababu tuta la umbo la V ni pana zaidi kuelekea chini. Vikishakuwa sawa na mabonde kwa upana, dawa haitasaidia tena. Kirudishe kipande kwenye mashine, ondoa milimita 0.2, na uanze hatua ya 1. Bamba la milimita 5 lina nafasi ya kurudiwa mara nyingi.